Mwalimu wa Shahada katika Buna: Historia ya Elimu ya Ualimu na Suala la Lugha Kaskazini Mashariki ya Kenya

Utangulizi

Neno mwalimu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika miji ya pwani lilikuwa kwanza jina la mtu anayewafundisha watoto Korani chuoni. Shule za misheni na za serikali zilipoenea, neno hilo lilitanuka maana, likamchukua pia mfundishaji wa hesabu, wa jiografia na wa Kiingereza, hata leo Mswahili haoni haja ya kuwatenga watu hao wawili kwa majina. Kaskazini Mashariki ya Kenya mambo hayakwenda hivyo. Kisomali kililipokea neno hilo la Kiarabu kwa umbo la macallin, ambamo herufi c inasimama badala ya ‘ain, na mtu anayetajwa kwalo kwanza ni mwalimu wa dugsi, yaani wa chuo cha Korani. Kwa mwalimu wa shule liko pia neno la Kikushi lenyewe, bare. Na kwa wasemao lugha za jamii ya Kioromo mtu huyo ni barsiisaa. Yaani walimu wawili wamekuwa na majina mawili, mmoja akiwa wa nyumbani na wa kale, mwingine akiwa mtu aliyekuja na serikali.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi njia ya kuwa mwalimu wa shule kwa shahada ya elimu ya chuo kikuu ilivyofunguka nchini Kenya, na jinsi ilivyofika, kwa kuchelewa, katika mji mdogo wa Buna. Hoja yake ni kwamba kasoro kubwa ya njia hiyo haikuwa uchache wa walimu peke yake. Shahada ilimwandaa mwalimu, na hasa mwalimu wa Kiswahili, kwa ajili ya mtoto ambaye Buna hakuwapo.

Buna na Lugha Zake

Buna iko kaskazini mwa Kaunti ya Wajir, kwenye njia itokayo Wajir mjini kuelekea Moyale na mpaka wa Ethiopia. Ni nchi ya ukame, ya ngamia na ng’ombe, ya visima na mabwawa, ambamo maisha ya watu wengi yamefuata maji na malisho. Katika historia ya dunia jina lake lilionekana kwa muda mfupi wakati wa Vita vya Pili, majeshi ya Italia yalipoitwaa Moyale mwezi wa Julai 1940 na kusonga hadi Buna, kabla ya kurudishwa nyuma na majeshi ya Uingereza.

Kwa mtaalamu wa lugha, Buna ni mahali pa kupatazamwa kwa makini. Waajuran wa upande huo hujihesabu katika koo za Kisomali, walakini wengi wao husema lugha ya jamii ya Kioromo iliyo karibu sana na Kiborana. Kisomali husikika pia kutokana na majirani na biashara ya Wajir. Kiarabu ni lugha ya dugsi na ya sala. Juu ya hizo zikaja lugha mbili za serikali, Kiswahili na Kiingereza. Basi mtoto wa Buna anayeingia darasa la kwanza aghalabu ana lugha moja ya mama, anazisikia nyingine mbili kila siku, na bado anazisubiri mbili za shuleni. Kiswahili hakimjii kama lugha ya sokoni na ya jirani, kama kinavyomjia mtoto wa Mombasa au wa Nakuru. Kwake ni somo.

Elimu Kabla ya Uhuru

Utawala wa kikoloni uliitenga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na nchi nyingine. Sheria ya maeneo ya mbali ya mwaka 1902, na ile ya wilaya maalumu ya mwaka 1934, zilimzuia mtu kuingia au kutoka bila ruhusa. Katika sehemu nyingi za Kenya misheni ndizo zilizokuwa nguzo ya elimu. Misheni hufungua shule, shule hutoa wasomaji, wasomaji huwa walimu wa shule inayofuata. Mnyororo huo haukufungwa kaskazini, ambako wenyeji walikuwa Waislamu, misheni hazikupewa nafasi, na serikali yenyewe haikuona sababu ya kuweka shule mahali ilipoweka askari tu.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba Kiswahili kilitangulia kufika huko vinywani mwa askari hao, makarani na wakalimani. Askari wa KAR walikisema kambini na barazani. Kwa hiyo, kabla ya kuwa lugha ya kitabu, kilikuwa lugha ya kuitwa, kuulizwa na kuamrishwa. Jambo hili halikuandikwa katika mtaala wowote wa ualimu, lakini kila mwalimu wa Kiswahili aliyepelekwa huko baadaye alilikuta likimngoja.

Wakati huo huo elimu ya juu ya ualimu katika Afrika Mashariki ilikuwa Makerere. Chuo hicho kilichoanza mwaka 1922 kilikuwa kwa miaka mingi mlango mmoja tu wa wachache waliochaguliwa kutoka nchi zote, na tangu 1949 kiliandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Ili kijana aufikie mlango huo alihitaji kwanza shule ya msingi iliyo imara, kisha sekondari. Mtoto wa Buna hakuwa na ya kwanza wala ya pili.

Shahada ya Elimu Yaanzishwa

Uhuru wa mwaka 1963 uliikuta Kenya ikiwa na shule nyingi kuliko walimu wenye shahada. Tangu 1961 pengo lilizibwa kwa sehemu na mpango uliowaleta Wamarekani kufundisha katika sekondari za Afrika Mashariki, wengi wao wakipitia Makerere kwa mafunzo. Mwaka 1965 kambi ya jeshi la Uingereza huko Kahawa ilikabidhiwa serikali ikageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1970 chuo hicho kilifanywa kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1972 kikapokea wanafunzi wake wa kwanza 200 wa Shahada ya Elimu. Mwaka 1978 Kitivo cha Elimu chote kilihamishwa kutoka Nairobi kwenda Kahawa, na mwaka 1985 chuo kikawa Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Maana ya hatua hizi haikuwa ndogo. Kabla yake, mtu aliweza kusoma shahada ya kawaida kisha akaongeza diploma ya ualimu, mithili ya mtu anayeshona koti kisha akatafuta vifungo. Shahada ya Elimu iliyaunganisha mambo hayo tangu mwanzo: masomo mawili ya kufundishia, falsafa na saikolojia ya elimu, mbinu za kufundisha kila somo, na muhula wa mazoezi ya kufundisha katika shule halisi mbele ya macho ya mkaguzi kutoka chuoni. Tume ya Huduma za Walimu, iliyoanza kazi mwaka 1967, ndiyo iliyompokea mhitimu na kumpeleka kituoni.

Buna ilikuwa katika hali gani miaka hiyo? Tume iliyotumwa mwaka 1962 kuuliza maoni ya wenyeji ilikuta wengi wakitaka kujiunga na Somalia. Uhuru ulipokuja bila jambo hilo, vita vilivyojulikana kama vya shifta vilizuka, na hali ya hatari ikatangazwa Desemba 1963. Vita vilikoma kwa mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, baada ya watu kukusanywa katika vijiji vya lazima na mifugo mingi kupotea. Sheria za hali ya hatari hazikufutwa hadi 1991. Na Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, ndipo mauaji makubwa ya raia yalipotokea mikononi mwa vyombo vya dola. Yaani miaka ile ile ambayo Kahawa ilikuwa ikijenga shahada ya walimu, kizazi kizima cha watoto ambao wangeisoma kilikuwa kikilelewa chini ya sheria nyingine.

Hata hivyo hatua zilichukuliwa. Mwaka 1971 karo ya shule za msingi iliondolewa katika wilaya kame, kabla ya amri ya Desemba 1973 iliyoiondoa nchini kote kwa madarasa manne ya kwanza. Shule za bweni za gharama nafuu zilijengwa kwa ajili ya watoto wa wafugaji. Shule zilipofunguliwa, walimu walitafutwa. Na kwa kuwa wenyeji waliosoma walikuwa wachache, walipatikana kutoka magharibi, kati na mashariki ya Kenya. Msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone ulitimia kwa miaka mingi katika madarasa ya Wajir, Mandera na Garissa.

Mwaka 1985 na Mwalimu wa Kiswahili

Hadi mwaka 1984 mtihani wa kumaliza shule ya msingi haukupima Kiswahili. Mwalimu mwenye haraka aliweza kukiacha, na wengi walikiacha. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa, katika msingi na katika sekondari. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zikajikuta na kazi ambayo hazikuwahi kupewa: kuitolea nchi nzima walimu wa somo moja kwa mara moja. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Shahada ya Elimu kwa masomo ya mbali, na mwalimu wa cheti aliyekuwa kazini akaweza kujiendeleza bila kuacha darasa lake, akisoma kwa vitabu na kanda na kuhudhuria vikao wakati wa likizo. Njia hii, pamoja na zile za masomo ya likizo zilizofuata katika vyuo vingine, iliwafaa sana watu wa mbali, maadam haikuwataka wahamie mjini kwa miaka minne.

Walakini mtaala wenyewe uliandikwa kwa dhana mbili. Kwanza, kwamba mwanafunzi wa Kiswahili tayari anasema lugha ya Kibantu au angalau ameishi kati ya wasemaji wa Kiswahili. Pili, kwamba kumjua Kiswahili vizuri ndiko kujua kukifundisha. Mhitimu alitoka na sarufi, fasihi andishi, fasihi simulizi na historia ya lugha. Alijua ngeli zote na alijua tarehe ya usanifishaji. Lile ambalo hakulijua ni kwa nini mtoto wa Buna, mwenye akili timamu na kumbukumbu inayobeba juzuu nzima za Korani, alishindwa kuandika sentensi tatu bila kukosea upatanisho.

Sababu zenyewe si za siri kwa mtaalamu wa isimu. Kisomali na Kioromo hazina ngeli za Kibantu. Zina jinsi mbili za nomino, ya kiume na ya kike. Mtoto aliyezoea kutofautisha mume na mke katika kitenzi anaikuta lugha isiyojali jambo hilo, lakini inayotaka kisu kitengwe na mti, na mti utengwe na jiwe. Katika lugha hizo kitenzi aghalabu hukaa mwisho wa sentensi na kitendwa hutangulia, hivyo mtoto hufikiri kwa mpango wa mama maziwa alikama kabla ya kusema mama alikama maziwa. Sauti za p, v na z si za asili katika Kisomali, na katika Kioromo nazo huonekana zaidi katika maneno ya kukopa. Mwanafunzi anayeandika sasa palipo na zaza hakosi kusikiliza, bali husikia kwa masikio ya lugha yake.

Kwa upande mwingine ziko njia za mkato ambazo mwalimu wa kutoka mbali hakuonyeshwa. Hazina ya maneno ya Kiarabu ni moja: kitaab na kitabu, safar na safari, qalin na kalamu, wakhti na wakati. Hata mnyambuliko una jamaa zake. Kwa Kisomali bar ni kufunza, na baro ni kujifunza, yaani tendo linalomrudia mtendaji. Kwa Kioromo mzizi huo huo bar- hupewa kiambishi cha kusababisha, nao unakuwa barsiis-, kumfanya mtu ajue. Mwalimu anayeijua barsiisaa anaweza kumfafanulia mtoto funza, fundisha na jifunza kwa dakika chache, kwa kuwa mtoto tayari anazo fikra hizo kinywani mwake. Asiyeijua atachora jedwali ubaoni, na mtoto atalinakili.

Njia ya Mwanafunzi wa Buna

Pamoja na vikwazo hivyo, wenyeji waliifuata njia ya shahada, na yafaa hatua zake zitajwe kwa taratibu. Mtoto huanza dugsi, kisha shule ya msingi. Sekondari kwa muda mrefu ilimaanisha kuhamia bweni, Wajir mjini au mbali zaidi. Hadi mwisho wa miaka ya 1980 alihitaji kuvuka kidato cha sita. Baada ya 8-4-4 mtihani wa kidato cha nne ukawa mlango wa mwisho, na shahada ikarefushwa kutoka miaka mitatu hadi minne. Ili asajiliwe kufundisha sekondari, mhitimu hutakiwa awe na alama ya C+ kwa jumla katika mtihani huo, na C+ katika kila mojawapo ya masomo yake mawili ya kufundishia.

Masharti hayo ni ya haki yakisomwa karatasini. Lakini mtihani wa Kiswahili huwapima kwa kipimo kimoja mtoto wa Lamu na mtoto wa Buna. Anayekosa C+ ya Kiswahili kwa sababu hakufundishwa na mtu anayejua kukifundisha kwake hawezi kuwa mwalimu wa Kiswahili. Naye asipokuwa mwalimu wa Kiswahili, watoto wa mdogo wake nao watafundishwa na mtu asiyejua kukifundisha kwao. Si ajabu basi kwamba kijana mwenyeji achaguaye ualimu huvutwa zaidi na masomo kama Dini ya Kiislamu, historia au jiografia, na nafasi ya Kiswahili huachiwa mgeni.

Tena, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mhitimu hakuwa tena na uhakika wa kazi. Kabla ya hapo Tume ilimpeleka kituoni moja kwa moja; kisha serikali ikasimamisha ajira mpya, isipokuwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mtu aliyeuziwa ngamia ili asome alirudi na shahada, akangoja.

Mgeni Aondoka

Chuo cha elimu ya juu kilipofika kaskazini mashariki, kilifika kwa sura ya ualimu. Mwaka 2011, mahali palipokuwa na chuo cha walimu mjini Garissa, palifunguliwa Chuo Kikuu cha Garissa kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Moi, na elimu ikawa miongoni mwa kozi zake kuu. Wanafunzi wake walitoka pande zote za Kenya. Kwa mara ya kwanza kijana wa Buna aliweza kusoma shahada ya ualimu bila kuvuka mto Tana, na kijana wa Bungoma akaja kuisoma karibu naye.

Tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wa al-Shabaab waliingia chuoni humo alfajiri wakaua watu 148, wengi mno wakiwa wanafunzi, wakiwatenga Waislamu na wasio Waislamu. Waliosalia walihamishiwa Eldoret. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kujitegemea.

Msiba huo haukuwa peke yake. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera walikuwa wameuawa, walimu wakiwamo, na Januari iliyofuata walimu wengi walikataa kurudi. Februari 2018 walimu wawili waliuawa Qarsa katika Wajir. Januari 2020 watatu waliuawa Kamuthe katika Garissa. Tume ikawaondoa walimu wasio wenyeji kwa wingi. Hakuna awezaye kumlaumu mwalimu aliyeondoka, aliyekuwa amekula kiapo cha kufundisha wala si cha kufa. Lakini mtoto aliyebaki darasani hakuwa na kosa pia. Katika shule nyingi vijana waliomaliza kidato cha nne tu waliombwa washike chaki.

Hapo ndipo historia iliyoelezwa katika kurasa hizi ilipodai malipo yake. Kwa nusu karne eneo lilikuwa limeazima walimu badala ya kuwalea, na wenye mali walipoichukua mali yao, kilichobaki kilikuwa kile ambacho shahada ilikuwa imekipanda mahali hapo. Kilikuwa kichache.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na imeiagiza dola ikuze lugha za wenyeji. Tangu Januari 2023 sekondari msingi zimewekwa katika viwanja vya shule za msingi, hata mwalimu wa shahada sasa anahitajiwa karibu zaidi na boma la mfugaji kuliko wakati wowote uliopita. Haja imeongezeka, na mgeni wa zamani hatarudi kwa idadi ile ile.

Mambo mawili yaelekea kuwa ni wajibu wa idara za Kiswahili. La kwanza ni kuweka ndani ya Shahada ya Elimu somo kamili la kufundisha Kiswahili kama lugha ya pili kwa wasemaji wa lugha za Kikushi, lenye sarufi linganishi ya Kisomali na Kioromo, na mazoezi ya kufundisha yanayofanywa katika shule za aina hiyo. La pili ni kuacha kumhesabu mwanafunzi mwenyeji wa kaskazini mashariki kuwa dhaifu katika Kiswahili. Anazo lugha nne, na ujuzi wa jinsi mtoto wa Buna anavyovuka kutoka moja hadi nyingine uko kwake kabla ya kuwa kwa mhadhiri wake. Idara ikimpokea kama mtoaji wa maarifa hayo, na si kama mpokeaji tu, itapata utafiti ambao haijaufanya, na Buna itapata mwalimu ambaye haimlazimu kuhamishwa kwa usalama wake, kwa kuwa hapo ndipo kwao.

Huenda hapo ndipo majina mawili yatakapokaribiana. Macallin wa dugsi amedumu Buna katika ukame na katika vita kwa sababu ni mtu wa mahali hapo, hulala alipolala mwanafunzi wake na humfahamisha neno geni kwa neno la nyumbani. Barsiisaa mwenye shahada hana haja ya kuchukua kazi ya mwenziwe, lakini ana mengi ya kujifunza kwake.